Kaboni ya misitu ya vijiji: tusaini mkataba kwanza, au tupate hati ya ardhi kwanza?

Wadau, mjadala wa biashara ya kaboni, yaani kampuni kukilipa kijiji kilinde msitu ili kufidia moshi zinaoutoa, umerudi, na umegawanyika vilevile. Wapo wanaosema misitu ya vijiji vyetu ni mgodi uliolala, na kila mwaka unaopita bila mkataba ni hasara. Wapo wanaosema huu ni ukoloni mpya: mwenye kiwanda Ulaya anaendelea kutoa moshi, mwanakijiji wa huku anakatazwa kugusa mti wake. Naona pande zote mbili zinaanza mbali. Mimi naanza na ardhi: kwa maandishi ni ya nani, na anayesaini amepewa na nani ruhusa ya kusaini?

Tazameni Bonde la Yaeda, Mbulu. Wahadzabe walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, baada ya miaka mingi ya kuona bonde lao likimegwa kidogo kidogo kwa mashamba na malisho ya wengine. Mradi wao wa kaboni ulijengwa juu ya hati hiyo na mpango wa matumizi ya ardhi. Mnunuzi akiondoka kesho, hati inabaki kwao.

Sasa tazameni Isiolo, Kenya. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa unaouza kaboni inayohifadhiwa kwenye udongo wa malisho. Mradi ulikuwa umeshauza kaboni kabla mahakama haijalijibu swali la ridhaa. Hapo anayeumia ni nani? Mfugaji, kwa sababu mnunuzi atahamia mradi mwingine.

Kwa Tanzania hatuna kisingizio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia. Kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kinachokosekana ni watu kuelewa wanachosaini.

Mwaka juzi nilikaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha kusini, chini ya mkorosho. Mkataba ulikuwa wa miaka 30, umeandikwa kwa Kiingereza. Wananchi walisomewa muhtasari wa kurasa mbili. Ulisema kijiji kitapata nusu ya faida. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono: "Faida baada ya kutoa nini?" Akajibiwa, gharama za uendeshaji. Akauliza tena: "Zina mwisho, au mtatoa mpaka ziishe zote?" Mwezeshaji akafungua makabrasha, akayafunga, akasema swali litapelekwa ofisini.

Mimi namheshimu sana yule mama. Aligusa penyewe. Picha za satelaiti, usajili, mkaguzi wa nje, magari, mishahara, vyote vinakatwa kabla kijiji hakijaona senti. Wakenya walirekebisha sheria yao ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023 na kuweka kiwango cha chini: miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Huo ni mwanzo mzuri. Ila kokote kule, asilimia isiyosema ni ya nini hasa ni ahadi hewa.

Kuna mchangiaji ameandika kwamba "miti ipo tu, tunalipwa bure". Hapana. Cheti kimoja cha kaboni kinasimama badala ya tani moja ya hewa ukaa, na kinapatikana kwa kulinganisha msitu ulivyo leo na makadirio ya ukataji ambao ungetokea kama mradi usingekuwepo. Hayo makadirio ndiyo moyo wa biashara nzima, na hapo ndipo pana mashaka. Januari 2023 gazeti la The Guardian na wenzake wa Ujerumani walidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyeti vya misitu ya mvua walivyochunguza, vilivyoidhinishwa na Verra, shirika linaloweka viwango na kusajili vyeti hivyo, havikuwa na upungufu wa kweli wa hewa ukaa. Verra ilipinga. Mwaka huohuo kampuni ya South Pole ya Uswisi, iliyokuwa ikiuza kaboni ya mradi wa misitu wa Kariba, Zimbabwe, ikajitoa. Kijiji kilichofungwa miaka 30 kinafanya nini kampuni ikijitoa mwaka wa tano?

Na kazi ipo. Nimeshika utepe na walinzi wa msitu: unazungushwa kwenye mninga, mita 1.3 kutoka ardhini, namba inaandikwa kwa rangi, mnasogea mti unaofuata, jua la saa saba, mbung'o kila mahali. Hawa wanalipwa posho.

Lakini anayeniuma zaidi ni mchoma mkaa. Fedha za kaboni zinaingia akaunti ya kijiji, zinajenga zahanati na madarasa, jambo jema kabisa. Yule aliyezimiwa tanuri analala na nini usiku huo? Asipopewa njia nyingine atavuka mpaka akakate msitu wa kijiji jirani, na kaboni iliyouzwa inakuwa imehama tu. Gazi, pwani ya Kenya, waliliona hili. Mradi wao wa Mikoko Pamoja ni mdogo, hekta 117 tu, lakini walipanda mivinje pembeni ili watu wapate nguzo na kuni bila kurudi kwenye mikoko. Jambo dogo kama hilo nalihesabu kuliko kurasa 60 za mkataba.

Kwa hiyo msimamo wangu: kijiji kisisaini kabla ya cheti cha ardhi na mpango wa matumizi. Mkataba mzima uwe kwa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano mkuu, si kwa halmashauri ya kijiji peke yake. Gharama ziwekewe kikomo. Na kiwepo kifungu cha kijiji kutoka.

Mlio kwenye vijiji vilivyokwisha kusaini, leteni hapa hicho kifungu cha kutoka kama kilivyoandikwa, tukisome pamoja.