Ufisadi wa mapapa wa zama za Renaisansi haukuanza na Borgia wala haukuisha naye

Mchangiaji aliyenitangulia anashikilia kwamba aibu ya upapa wa zama za Renaisansi, yaani karne ya 15 na 16, imetokana na mtu mmoja, Alexander VI wa ukoo wa Borgia, na kwamba wenzake walikuwa watawala wa kawaida wa wakati wao ambao angalau walituachia Kikanisa cha Sistina na Basilika la Mtakatifu Petro. Mimi ni Mkatoliki na ninaielewa faraja iliyomo katika hoja hiyo, lakini siwezi kuikubali, kwa sababu inamlaumu samaki mmoja na kuliacha tenga lenyewe bila kuguswa.

Borgia alichaguliwa mwaka 1492. Miaka 21 kabla yake alichaguliwa Sixtus IV, Mfransisko aliyesifika kwa elimu yake ya teolojia, naye kabla mwaka huo wa 1471 haujaisha alikwisha kuwapa ukardinali mtoto wa kaka yake, Giuliano della Rovere, na mpwa wake, Pietro Riario. Akafuata Innocent VIII, ambaye alimwoza mwanawe wa kumzaa binti wa Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence, kisha mwaka 1489 akamteua Giovanni, mtoto wa Lorenzo, kuwa kardinali akiwa na umri wa miaka 13. Giovanni huyo ndiye aliyekuja kuwa Papa Leo X.

Papa hakuwa na kiti cha kurithisha. Aliingia madarakani akiwa mtu mzima, amezungukwa na makardinali waliotaka nafasi ileile, huku akitakiwa kutawala majimbo ya Italia ya kati yenye mabwana wakaidi, na watu aliodhani anaweza kuwaamini kwa haraka walikuwa jamaa zake. Hilo linaeleza kwa nini waliwapa vyeo jamaa zao, ingawa kwangu halihalalishi.

Lakini jambo zito zaidi, ambalo naona tunalipita juujuu, ni uuzaji wa vyeo. Mnunuzi alilipa fedha nyingi kwa mkupuo ili awe mwandishi au karani wa ofisi za Papa, kisha akajirudishia fedha zake kidogo kidogo kutoka kwenye ada za kila barua na kila kibali kilichopita mezani pake. Kwa hiyo kila cheo kilichouzwa kilikuwa mkopo ambao Kanisa lilipaswa kuulipa maisha yote ya mnunuzi, na wakati wa Leo X vyeo vya namna hiyo vilikuwa vimezidi 2,000. Mkondo huohuo ndio uliofika Ujerumani: Albrecht wa Brandenburg alikopa kwa benki ya akina Fugger wa Augsburg ili ailipe Roma kwa ajili ya uaskofu mkuu wa Mainz, akaruhusiwa kuhubirisha rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi uliotolewa kwa malipo, katika maeneo yake, na nusu ya mapato ikaenda kulipa deni huku nusu nyingine ikienda kujenga Basilika hilohilo tunalojivunia. Mwaka 1517 mtawa Mjerumani Martin Luther alipopinga rehema hizo, alikuwa akigusa hesabu ya benki pamoja na teolojia.

Anayedhani kwamba Papa mwadilifu angetosha na amtazame Adrian VI, Mholanzi aliyechaguliwa Januari 1522. Hakuwatajirisha jamaa zake, na kupitia mjumbe wake katika bunge la Nürnberg, Ujerumani, alikiri waziwazi kwamba uovu ulianzia kwenye kiti chenyewe cha Papa ukashuka hadi kwa wengine. Alipojaribu kupunguza vyeo alikuta kwamba kila aliyeondolewa alikuwa amekinunua cheo chake kihalali na alidai fedha zake, na hazina ilikuwa tupu. Akafariki Septemba 1523, Roma ikiwa imemchukia. Ningependa mchangiaji mwenzangu anieleze, kama tatizo lilikuwa Borgia, ni kitu gani basi kilichomshinda Adrian miaka 20 baada ya Borgia kuzikwa.