Horchata kwenye kahawa: krima ya chupa, sirapu au ya kusaga mwenyewe?

Mama_Tunu (Houston)

Wakuu, habari za jioni. Mlioko Marekani wengi mnaijua horchata, kile kinywaji cheupe cha Wameksiko kinachokaa kwenye matungi makubwa ya kioo kwenye migahawa ya taco, zile chapati za Kimeksiko zenye nyama, jirani na juisi ya rosela na ya ukwaju. Kwa ambao hamjaionja: ni mchele uliolowekwa usiku kucha pamoja na mdalasini, ukasagwa, ukachujwa, ukatiwa sukari. Wengine huongeza maziwa na vanila. Siku hizi mikahawa ya huku inaimimina kwenye spreso yenye barafu, na wateja wameipenda. Mimi nataka niifanye krima ya kahawa yangu ya nyumbani, ya moto asubuhi na ya baridi mchana. Nimelinganisha nilivyoweza, nanyi ongezeni.

Nianze na krima ya chupa yenye ladha ya horchata. Geuza chupa usome: maji, sukari, mafuta ya mimea, protini ya maziwa, kisha "ladha". Niliyonunua mimi haina mchele hata punje. Unachokunywa ni mdalasini na vanila ndani ya utamu mwingi. Hata hivyo siidharau, maana kwenye kahawa ya moto inachanganyika mara moja, haikatiki, na kikombe kinatoka na rangi nzuri.

Sirapu naipita haraka. Inaleta utamu na harufu, uzito haileti, kwa hiyo maziwa bado utayahitaji. Unga wa pakiti nao vivyo hivyo.

Ya kusaga mwenyewe ndiyo yenye maneno. Kwenye barafu hakuna inayoikaribia. Unausikia mchele kabisa, ule utamu wake mdogo nyuma ya mdalasini. Kwenye kahawa ya moto mambo yanageuka. Ni nyepesi, inapoza kikombe, na ukifika chini unakuta tope jeupe linalokwaruza ulimi. Nani ameshalitatua hili?

BintiKisauni

Mama Tunu, kuloweka mchele na kuusaga si ndiyo kazi yetu ya vibibi na mkate wa kumimina? Shida yako ni maji mengi kwenye blenda. Mchele ukielea hausagiki, unazunguka tu. Tia maji ya kuufunika basi, saga mpaka ukipekecha kati ya vidole husikii chenga, ndipo uongeze maji. Halafu chuja kwa kitambaa ukikamua, chujio la chai linapitisha kila kitu.

Na badala ya maziwa jaribu tui la kwanza, lile zito. Hata Meksiko kwenyewe wanayo horchata ya nazi, si mimi naizua. Krima bila mafuta itakuwa krima gani?

Kahawa_Chungu (Nairobi)

Bi Kisauni amesema kweli kuhusu kusaga, lakini tope halitaisha kwa kuchuja peke yake. Mimi ni barista, niwape upande wangu.

Wanga wa mchele mbichi hauyeyuki kwenye maji. Unaelea, kisha unatua. Ukipata joto la nyuzi 70 hivi ndipo chembe zake zinavimba na kushika maji, kama kwenye uji. Horchata ya friji inaposhusha joto la kikombe, wanga unabaki nusu mbichi, ndilo hilo tope. Dawa ni kuupika kabla: maji ya mchele yaliyochujwa yaweke kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka yaanze kushika kijiko, epua, yakipoa tia maziwa. Punguza mchele uwe nusu ya kipimo cha kawaida, la sivyo utapata uji mzima.

Jambo la pili ni kahawa yenyewe. Kahawa yetu ya Nyeri au Kirinyaga ina ule ukali wa matunda, na huko nje ndio unaolipiwa vizuri. Ukiitia horchata vinagombana, na ukitumia maziwa ya lozi kwenye kahawa kali namna hiyo yanaweza kukatika vipande. Krima nyingi za dukani hazikatiki kwa sababu zimetiwa fosfeti ya potasiamu inayotuliza asidi. Tafuta kahawa ya Chiapas au Veracruz, hiyo hiyo ya Meksiko. Ukali wake ni mdogo, ina ladha ya njugu na kakao. Au chukua yoyote iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi.

Mwana_Bukoba

Kwani robusta ya Kagera mmeisahau? Hiyo hata uitie nini, ukahawa wake haufichiki. Africafé, maji ya moto kidogo ya kuivuruga, barafu, horchata. Mimi sina la ziada.

Nipo_Puebla

Salaam kutoka Meksiko. Mjue kwamba huku horchata ni ya kunywa baridi na chakula. Mzee wa sokoni ukimwambia unaitia kwenye kahawa atakutazama. Zipo kafe za mjini zinazouza mchanganyiko huo, ila bibi za vijijini hawana habari nao. Hata horchata yenyewe si moja: Oaxaca wanakuwekea ndani vipande vya tikiti na jozi, unakunywa huku unatafuna. Na Hispania, ilikotoka, hawatumii mchele. Valencia mpaka leo wanasaga chufa, vile vijitunguu vya mizizi vya aina ya ndago.

Kwa anayetaka ladha ya Meksiko kwenye kahawa ya moto, kwa maoni yangu krima isubiri kwanza. Pika kahawa ya chungu, wanaiita café de olla: maji, kijiti cha mdalasini na piloncillo, ambayo ni sukari guru tu, vichemke pamoja mpaka sukari iyeyuke. Zima moto, tia kahawa iliyosagwa kwa chenga kubwa, funika dakika tano, chuja. Ukiweka maziwa kidogo hapo utasahau chupa zote. Chungu si lazima, sufuria inatosha. Tena vyungu vya zamani vya huku vyenye rangi ya kung'aa vingine vina sumu ya madini ya risasi, msibebe kama zawadi.

Pia ipo rompope, ya viini vya mayai, maziwa na vanila, ambayo simulizi za hapa Puebla zinawapa sifa watawa wa kike. Ni nzito na inakaa vizuri mno kwenye kahawa, ila ina pombe.

Abu_Said (Maskati)

Rompope hiyo tuachie, ahsante.

Hamjasema mdalasini upi. Meksiko ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mdalasini wa Sri Lanka, ule wa magamba membamba yaliyoviringana tabaka juu ya tabaka, ukiubana kwa vidole unavunjika. Ndio uleule wa mashamba ya viungo ya Kizimbani kwetu Unguja. Unaopatikana kwa wingi madukani ni kasia, gome moja nene na gumu; blenda ya nyumbani inaurusharusha tu, na ukali wake unachoma koo. Ukiweka kasia mwachie kazi ya kuloweka peke yake, kisha mtoe kabla ya kusaga. Ukiwa na wa Unguja, saga na mchele wake.

Nesi_Dallas

Shikamooni wakubwa. Naomba tusisahau sukari. Krima nyingi tamu za hapa zinaandika gramu 5 za sukari kwa kijiko kikubwa kimoja, mililita 15. Sasa niambieni nani anamimina kijiko kimoja! Mwenye kisukari, ya kusaga mwenyewe ndiyo salama zaidi kwa sababu unajua umetia nini, japo wanga wa mchele nao upo, uhesabu.

Na wenye mzio wa maziwa, yale maandishi ya "si ya maziwa" kwenye krima yasiwadanganye. Nyingi zina kezinati, ambayo ni protini ya maziwa. Someni nyuma ya chupa.

Mama_Tunu (Houston)

Marahaba Nesi, na ahsanteni nyote. Nimefuata ya Nairobi na ya Kisauni kwa pamoja. Mchele nusu kikombe, umelowekwa na mdalasini mwembamba, umesagwa mkavumkavu, umeongezwa maji vikombe viwili, umechujwa kwa kitambaa, umepikwa mpaka ukashika kijiko. Ulipopoa nikatia tui zito kikombe kimoja, maziwa ya kopo matamu vijiko vinne na chumvi kidogo sana. Kwenye kahawa ya moto imeingia bila tope. Kwenye barafu, kusema haki, ile mbichi bado ni bora, hii iliyopikwa imepoteza wepesi wake. Kwa hiyo nitakuwa na chupa mbili kwenye friji, ya dukani ibaki ya wageni wenye haraka.

Nipo_Puebla

Hongera. Ila ulichopika, huku tunaita atole ya mchele, yaani uji wa kunywa.

Mama_Tunu (Houston)

Iite utakavyo, kikombe kimekwisha.

Mwana_Bukoba

Inakaa siku ngapi?

BintiKisauni

Yenye tui usizidishe siku tatu, na isilale nje ya friji hata usiku mmoja. Maji ya mchele yanachacha upesi, mpishi yeyote wa vitumbua atakwambia. Itajitenga juu na chini, hiyo ni kawaida, tikisa.

Kyela_Kwetu

Na mchele wa Kyela unafaa, au harufu itazidi?

BintiKisauni

Unafaa sana. Acha vanila tu, harufu yake yenyewe inatosha.