Hilux Vigo ya mwaka 2008 iliyokwisha kutumika: ni vipuri gani hasa vinahitajika kuinyanyua kwa inchi 2?

Mkulima_Mlimba:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mwezi uliopita nilinunua Toyota Hilux ya kebini mbili, toleo la Vigo la mwaka 2008, injini ya dizeli ya lita 3, ambayo mwenyewe wa kwanza aliitumia miaka mingi kubebea saruji na nondo. Ninaishi Mlimba, katika bonde la Kilombero, na kazi yangu ni mpunga. Wakati wa masika njia ya kwenda shambani huchimbwa na matrekta hadi inabaki mifereji miwili ya magurudumu yenye tuta katikati, na gari likiingia humo hukalia tumbo: magurudumu yanazunguka kwenye tope jeusi huku chesisi imelala juu ya tuta. Nimekwisha kuvutwa na trekta mara mbili.

Nataka kulinyanyua kwa inchi 2, yaani sentimita 5, lakini kila ninayemuuliza ananipa orodha yake. Fundi wa kwanza amesema niweke sheko ndefu nyuma (vyuma vinavyounganisha ncha ya springi na chesisi) na pete za chuma juu ya shokapu za mbele, kazi ya asubuhi moja. Wa pili amesema nisiguse chochote mpaka nipate seti kamili kutoka Australia pamoja na wishiboni mpya za juu, yaani mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele. Nina shilingi milioni 2 na nusu, na ningependa ziende mahali panapostahili.

Gari lina ngao ya chuma mbele, na msimu wa mavuno hubeba magunia sita ya mpunga. Matairi ni 265/70R16 na yamekaribia kuisha. Nimepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu kwenye sakafu ya zege: mbele kushoto sentimita 49.5, mbele kulia 48, nyuma 51 pande zote mbili. Naomba mnisaidie kujua vipi ni vya lazima na vipi vinaweza kungoja.

Fundi_Gerezani:

Ndugu Mkulima, umefanya vizuri kupima kutoka katikati ya gurudumu, kwa sababu kipimo hicho hakidanganywi na tairi lililopungua upepo. Kabla ya kununua hata nati moja, soma namba ya modeli kwenye kibati cha gari. Kwa injini ya dizeli ya lita 3 yenye kuendeshwa kwa magurudumu manne unatarajia kukuta KUN26; ikiwa ni KUN25, hiyo ni ya lita 2.5. Namba hiyo ndiyo utakayoitaja dukani, kwa maana ukifika Kariakoo na kusema tu kwamba unataka springi za Hilux, unaweza kupewa za LN106, Hilux ya zamani, ambayo ina springi za pleti mbele na nyuma, au ukaelezwa namna ya kukaza tosheni ba, fimbo zinazojisokota badala ya springi, ambazo ziko kwenye LN167, nayo ya zamani, na wala hazipo kwenye gari lako. Vigo ina springi za koili zilizovaa shokapu mbele, na springi za pleti nyuma.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hulipita. Gari lililobeba saruji miaka mingi limekwisha kushuka, na tofauti ya sentimita moja na nusu kati ya kushoto na kulia kwako inaonyesha kwamba springi za mbele zimechoka, upande wa dereva zaidi. Seti inayouzwa kama ya inchi 2 huhesabu inchi hizo kutoka kimo cha springi mpya za kiwandani, si kutoka kimo cha springi zako zilizolala. Kwa hiyo springi zako zikiwa zimeshuka sentimita 2, seti hiyo hiyo itakupa sentimita 7 kutoka ulipo leo. Usije ukaagiza ya inchi 3 kwa kuhofia kwamba ya 2 haitatosha; hapo ndipo pembe za draivu shafti (fimbo zinazozungusha magurudumu ya mbele) na za boljointi za juu (viungo vya ncha za wishiboni) zinapovuka mipaka, na hapo ndipo yule fundi wa pili anapokuwa na haki kuhusu wishiboni. Kwa inchi 2 za kweli, wishiboni za kiwandani zinafaa kama boljointi na bushi zake, yaani raba za kwenye maungio, ni nzima.

Mbele, basi, unahitaji springi mbili za koili zilizotengenezwa kwa gari lenye ngao ya chuma, kwa sababu springi ya gari lisilo na ngao itashuka chini ya uzito huo ndani ya muda mfupi. Unahitaji shokapu mbili zilizorefushwa kulingana na springi hizo, pamoja na raba za juu za shokapu, ambazo watu huzisahau halafu wanarudi kulalamika kwamba gari linagonga. Kuhusu pete ya chuma juu ya shokapu, elewa hesabu yake: shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini, yaani wishiboni ya chini, haijafungwa kwenye gurudumu, hivyo pete ya milimita 25 hunyanyua gari karibu mara mbili ya unene wake. Pete ya milimita 50 ni ya hatari. Tena pete haiponyi springi iliyochoka. Inaipandisha tu ikiwa bado imechoka.

Nyuma unahitaji springi mpya za pleti zenye upinde mkubwa zaidi, shokapu ndefu, bushi zote, na yu-bolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Yu-bolti iliyokwisha kukazwa imevutika, kwa hiyo haifai kurudishwa.

Dereva_Songea:

Naomba niongeze kuhusu zile sheko ndefu, kwa kuwa mimi niliziweka na zilinigharimu. Sheko hufungwa kwenye ncha moja tu ya springi, na ncha ya pili haiondoki mahali pake, kwa hiyo sheko iliyoongezwa sentimita 10 hupandisha gari sentimita 5 tu. Wakati huo huo ekseli nzima ya nyuma huzunguka kidogo, na pua ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli) inageuka kutazama upande ambao propela shafti, fimbo ndefu inayopeleka nguvu nyuma, haikupangiwa. Nilipotoka gereji gari lilipendeza kwa kulitazama. Kufika kilomita 60 kwa saa, sakafu ilianza kutetemeka chini ya miguu, tetemeko la kukoroma ambalo lilikoma nilipopunguza mwendo na kurudi kila nilipoongeza. Niliendelea hivyo wiki tatu. Krosi ya nyuma, yaani kiungo cha propela shafti, ilipofunguliwa, vikombe vyake vilikuwa vikavu, na sindano za beringi zimesagika na kuwa unga mwekundu.

Kwa hiyo usinunue sheko ndefu kama njia ya kunyanyua. Nunua sheko mpya za urefu wa kawaida ikiwa zako zimelika. Kwenye kebini mbili propela shafti ina vipande viwili na beringi ya kati inayoning'inia kwenye chesisi. Ukishaweka springi mpya, sikiliza gari linapoondoka kutoka kusimama, na likitetemeka hapo, beringi hiyo huteremshwa kidogo kwa vipande vya chuma kati ya kishikio chake na chesisi. Ni kazi ndogo na ya bei ndogo.

Mama_Nanyuki:

Ndugu Mkulima, mimi niko Kenya, na gari langu ni la aina hiyo hiyo. Hubeba maziwa na chakula cha mifugo kwenye udongo mweusi kama huo wako. Nakusihi uangalie breki kabla ya kitu kingine chochote. Lala chini ya gari, utazame juu ya difu ya nyuma: kwenye Hilux nyingi kuna fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Valvu hiyo hupima mzigo. Nyuma ikibonyea kwa uzito, inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi; nyuma ikiinuka, inazipunguza. Ukilinyanyua gari na kuiacha fimbo ilivyo, valvu itaamini kila siku kwamba gari ni tupu, na siku una magunia sita kwenye mteremko, breki za mbele zitabeba sehemu kubwa mno ya kazi. Ikiwa unayo fimbo hiyo, kishikio chake kinyanyuliwe kwa kimo kile kile ulichoongeza nyuma, kisha breki zijaribiwe gari likiwa na mzigo. Ni kipande cha bati nene na bolti mbili, lakini katika seti niliyouziwa mimi hakikuwamo. Hakikisha pia kwamba mipira ya breki inayokwenda kwenye ekseli haivutiki gurudumu linaponing'inia.

Jambo la pili ni matairi. Springi zitapandisha chesisi, na kwa tuta la katikati ulilolieleza hilo litakusaidia sana, lakini difu ya nyuma haitapanda hata milimita moja, kwa sababu imekaa juu ya magurudumu na si juu ya springi. Kinachopandisha difu ni tairi peke yake. Kwa kuwa matairi yako yanaisha, fikiria 265/75R16: kipenyo chake ni takriban milimita 804, na cha 265/70R16 ni 777, hivyo difu itapanda milimita 13. Spidomita nayo itachelewa kidogo, ikisoma 100 utakuwa unakwenda kama 103. Yapime kwanza usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili, uone kama hayagusi.

Na springi ngumu za nyuma zisikufanye uongeze gunia la saba na la nane. Ekseli, beringi na breki zimebaki zile zile.

Mkulima_Mlimba:

Nawashukuru sana, kaka zangu na dada yangu. Leo asubuhi nimelala chini ya gari kwa saa nzima na tochi. Kibati kinasema KUN26. Fimbo ya breki ipo. Nyuma kulia, pleti ya tatu kutoka juu imevunjika karibu na senta bolti, na ufa wake umejaa kutu, kwa hiyo ni wa siku nyingi; ajabu ni kwamba kipimo cha pande zote mbili kilikuwa sawa. Mpira unaofunika sivi jointi (kiungo cha draivu shafti) ya mbele kushoto umepasuka na grisi imerukia mkono wa chini. Boljointi za juu hazichezi. Je, fedha nilizonazo zikiwa hazitoshi yote, nianze nyuma au mbele?

Fundi_Gerezani:

Anza nyuma, kwa sababu ya pleti iliyovunjika. Hiyo si ya kungoja, hata kama usingekuwa na nia ya kunyanyua gari. Springi za pleti pande zote mbili, bushi, yu-bolti, shokapu, na kishikio cha valvu alichokueleza dada wa Nanyuki, vyote kwa pamoja. Pua ya gari itainama mbele kwa muda, jambo ambalo halidhuru. Mwambie tu fundi arekebishe taa za mbele, kisha azirekebishe tena utakaponyanyua mbele.

Mpira wa sivi jointi ubadilishwe sasa, pamoja na grisi mpya, kwa kuwa matope ya Mlimba yakishaingia humo jointi yenyewe itafuata. Ukinyanyua mbele huku mpira umepasuka, pembe itaongezeka na utapasuka hadi mwisho.

Mbele ikifika zamu yake, ongeza kwenye orodha bolti za kurekebishia alaimenti (mkao wa magurudumu) zilizo kwenye mikono ya chini. Kwenye gari la miaka hiyo huwa zimeshikana na bushi kwa kutu, na usipoweza kuzizungusha hutaweza kurudisha alaimenti. Usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi na hautarudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu kuanzia leo, kila baada ya siku mbili, na uzijaribu kwa spana kabla ya kuagiza. Zikikataa, nunua bolti na bushi zake. Springi za koili zifungwe na mtu mwenye kifaa cha kuzibana, kamwe isiwe kwa minyororo na jeki, kwa maana springi ikiruka inaua.

Bolti zote zinazopita kwenye bushi, mbele na nyuma, zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba za bushi zitabaki zimejikunja kila siku, na baada ya miezi michache utazikuta zimechanika. Ukishatembea kilomita 500, rudi ukaze yu-bolti.

Kwa kuwa unapita majini, angalia pia matundu ya kupumulia ya difu zote mbili. Difu ikiwa ya moto na ikazama ghafla kwenye maji baridi hufyonza maji kupitia tundu hilo. Mpira mwembamba wa kuvuta hewa hadi ndani ya boneti, na wa nyuma hadi karibu na kifuniko cha tangi la mafuta, ndiyo dawa yake.

Mkulima_Mlimba:

Nimeelewa, fundi. Jumatatu napanda treni kwenda Dar es Salaam nikiwa na picha ya kibati na ile pleti iliyovunjika, niilinganishe upana wake dukani kabla ya kulipa. Mafuta ya kulegeza kutu nimekwisha kuyapuliza.