MJADALA: Hivi kweli katiba sio kero kwa sababu mwananchi akiulizwa anataja maji?

Wakuu habari zenu. Kuna hoja naiona kila siku humu na vijiweni, mtu anakwambia katiba mpya ni ajenda ya wanasiasa na wanaharakati wa Dar tu, mwananchi wa kawaida ukimuuliza shida zake anataja maji, barabara, dawa hospitali, bei ya mbolea, basi kesi imeisha. Na anakuwekea na tafiti kabisa kama ushahidi. Mimi nasema tafiti hazisemi hivyo, na naomba tubishane kwa hoja, mambo ya vyama tuyaweke pembeni kwanza.

Tuanze na swali lenyewe maana wengi wanaozinukuu hizi tafiti hawajawahi hata kuliona. Chukua Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni barani Afrika, ambao hapa Tanzania kazi zao zimekuwa zikifanywa na taasisi ya utafiti ya REPOA. Wana swali la wazi, yaani husomewi majibu uchague, wanakuuliza kwa maoni yako matatizo makubwa zaidi ya nchi hii ambayo serikali inapaswa kuyashughulikia ni yapi, unataja mwenyewe, mwisho matatu. Wanaohojiwa huwa ni kama 2,400, maeneo yanachaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha za sensa, kila eneo wanahoji watu nane, na hapa akihojiwa mwanaume anayefuata lazima awe mwanamke. Kwahiyo wale wa "mbona mimi sijawahi kuulizwa" tulieni, sensa ya 2022 imetukuta milioni 61 na ushee, hauwezi kuulizwa kila mtu, na 2,400 waliochaguliwa vizuri wanakupa picha yenye makosa ya kama asilimia 2 tu juu au chini. Idadi sio shida.

Shida naiona kwenye hicho kipande cha "serikali inapaswa kuyashughulikia". Ukishamwambia mtu serikali, anamuona mleta huduma, anaanza kuorodhesha vya kuletewa. Nani atakaa aseme tatizo la nchi ambalo serikali ishughulikie ni serikali yenyewe? Wachache. Alafu kuna kitu wengi hawakijui, mwishoni mwa dodoso hilohilo kuna swali linauliza unadhani nani ametutuma kuja kukuhoji, na kuna watu kibao wanajibu serikali, wakati mwanzoni kabisa wameshaambiwa sisi hatutoki serikalini. Sasa wewe ukiamini huyu kijana aliyekaa kwenye kigoda chako katumwa na serikali utamwambia nini? Utamuagiza kisima.

Mimi nimewahi kufanya kazi ya udodosaji (sio huo utafiti wa juu, ni mwingine na siutaji). Kuna mama nilimkuta anapepeta mchele, hata ungo hakuweka chini, nikamsomea swali la aina hiyohiyo. Akanijibu bila kufikiria: "Maji. Kisima walichimba, pampu ikafa, tukachanga mara mbili, hela kakaa nazo mwenyekiti, na mwenyekiti tutamfanya nini wakati kapita bila kupingwa." Kwenye tablet mbele yangu kuna orodha ya kodi (namba za kupanga majibu, sio kodi ya TRA), maji ina namba yake, afya ina namba yake, barabara yake. Nikabonyeza maji, ndo maelekezo yalivyo, unachukua tatizo alilolitaja. Ripoti ilipotoka yule mama yumo kwenye asilimia za maji na ukiisoma utaona kabisa mwananchi wa kijijini anataka maji hana habari na mambo ya utawala. Lakini rudi usome alichosema. Hela imeliwa, anamjua aliyekula, na hana njia ya kumtoa. Hiyo ni kero ya maji au ya katiba? Nyie semeni.

Na huu ujanja wa "hawakulitaja kwahiyo haliwasumbui" haujaanza leo. Nendeni Dodoma tarehe 21 Machi 2014, Kikwete, rais wa wakati huo, analihutubia Bunge Maalum la Katiba, siku chache baada ya Jaji Warioba, mwenyekiti wa tume ya kukusanya maoni ya katiba mpya, kuwasilisha rasimu yenye serikali tatu (ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar). Warioba alikuwa amesema kwa Bara, katika waliozungumzia muundo wa muungano, asilimia 61 walitaka tatu, 24 mbili, 13 moja, na Zanzibar asilimia 60 walitaka muungano wa mkataba, 34 serikali mbili. Kikwete akaigeuza hesabu. Akasema watu 351,664 walitoa maoni kwa tume lakini waliogusa muundo ni 47,820 tu, yaani asilimia 13.6, kwahiyo hao wengine wote hawaoni muundo kama tatizo. Makofi.

Kama hesabu tu ilikuwa sawa, lakini maana yake ilikuwa ya kulazimisha. Mtu aliyekwenda mkutanoni kuongelea mirathi ya wajane au migogoro ya wafugaji na wakulima, akapewa dakika zake akaongelea hilo akakaa chini, huyo umemhesabuje kwamba ameridhika na serikali mbili? Hakuulizwa!

Ila tuwe wakweli, hata upande wa Warioba walioibeba ile 61 kama kura ya nchi nzima walikosea. Wale 351,664 walikuja wenyewe. Mtu anayeacha shamba kwenda kwenye mkutano wa katiba sio sawa na mtu uliyemfuata nyumbani kwa bahati nasibu. Wingi haukusaidii kitu hapo. Marekani mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 likatabiri Landon anamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais, Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48, na mtafiti wa maoni George Gallup aliyehoji watu wachache zaidi ndiye aliyepatia. Kwahiyo mtu akikwambia "tumekusanya maoni ya watu milioni" usishtuke, muulize uliwapataje na uliwauliza nini.

Na "uliwauliza nini" ndo mchezo wote ulipo. Kuna jaribio lilifanywa Marekani miaka ya 80 na watafiti kina Howard Schuman, watu waliulizwa tatizo kubwa la nchi kwa swali la wazi, kuna mambo manne yalitajwa na chini ya asilimia 3, likiwemo la ubora wa shule. Kundi lingine wakasomewa hayohayo manne kama majibu ya kuchagua, na wakaambiwa wako huru kutaja lingine. Asilimia 60 wakachagua kati ya yale manne. Nchi ileile, watu wa aina ileile! Sasa niambie mambo ya shule yalikuwa hayawasumbui au yalikuwa hayapo kwenye ncha ya ulimi siku hiyo?

Najua kuna mtu atakuja kusema basi wewe unataka tafiti zifutwe. Hapana mkuu. Mimi nazitaka ziwe nyingi zaidi. Hao wanaopenda kutunukulia tafiti za maji ndo haohao walionuna mwaka 2018 taasisi ya Twaweza walipotoa utafiti wao wa Sauti za Wananchi ulioonyesha waliokuwa wanaukubali utendaji wa rais wa wakati huo, Magufuli, wameshuka hadi asilimia 55, kutoka 96 ya 2016. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ikawaandikia barua kuhusu kibali cha utafiti, mwaka huohuo sheria ya takwimu ikabanwa mpaka kutoa takwimu zinazopingana na za serikali ikawa jinai, ikaja kulegezwa 2019 baada ya kelele. Utafiti ukisema watu wanataka maji ni sauti ya wananchi, ukisema watu wamechoka unaulizwa kibali. Haiendi hivyo.

Ninachotaka mimi ni kidogo tu. Ukitaka kusema wananchi hawaitaki katiba mpya au hawaijali, waulize kuhusu katiba mpya, moja kwa moja. Usichukue jibu la swali lingine ukalivalisha. Na wanaofanya tafiti watuwekee na maneno ya watu, sio kodi tu, wafute majina lakini waache sentensi.

Halafu tusisahau Jaji Nyalali. Tume yake ya 1991, iliyouliza tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi, ilisikiliza watu zaidi ya 36,000 na asilimia 77 hivi walisema chama kimoja kiendelee (mtaani tumezoea kusema 80). Tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 tukaingia vyama vingi. Leo viongozi wanaisifia hekima ile, kwamba wachache nao walisikilizwa. Sasa mbona kwenye katiba ndo tunaambiwa tuhesabu vichwa, tena vichwa vya swali ambalo halikuulizwa?

Wazanzibari naomba mchangie hapa kwa sababu tume ya Warioba yenyewe ilisema kwenu suala la muungano lilitawala maoni, wakati huku Bara watu walienda na mengine mengi. Ukichanganya ukapata wastani mmoja wa taifa, nyie mnamezwa na sisi kwa wingi wetu. Mnaonaje, kero za huko zihesabiwe peke yake au tuendelee na orodha moja?

Karibuni, ila matusi hapana.