Eti mimi ni "mdau"! Leo nimenyang'anywa maikrofoni

MamaMahindi_Lshi:
Jamani, nimetoka sasa hivi kwenye ile semina ya mahindi ya GMO, yale yaliyobadilishwa vinasaba, hata viatu sijavua. Yule bwana mnamjua. Wa suti ya bluu, anayesema "wadau" mara mia nane kabla ya chai. Walituita wakulima tutoe maoni juu ya hatari. Nikaacha palizi, nikapanda pikipiki mbili.

Nikasimama, nikauliza vizuri tu: chavua ya mahindi inabebwa na upepo. Jirani akipanda yale yanayoua funza wa bua, mimi ninayejichagulia mahindi ya mbegu nitajuaje yangu hayajachanganyika? AKANINYANG'ANYA MAIKROFONI. "Mama, hayo ni ya wataalamu. Wewe weka sahihi." Maikrofoni ingali na joto la mkono wangu!

Sahihi yenyewe ni ya mahudhurio, kesho itaitwa "wadau wameshauriwa". Kongo imo kwenye Protokali ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa hivi vitu vya GMO, na kifungu cha 23 kinataka wananchi washauriwe. Kushauriwa ndiko kupokonywa maikrofoni kama mtoto aliyeshika kisu?

Kaka_Katuba:
Yaya, bukari, ule ugali, ulikula ao hapana?

MamaMahindi_Lshi:
Nilikula. Na kuku. Hayahusiani! Mkono ULIVUTWA.

Kijana_Kampemba:
Mnaogopa bure. Afrika Kusini wanakula miaka yote. Hata Kenya serikali iliondoa marufuku 2022.

TataRuashi:
Kenya gani, huu mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, wenye soko? Pale hata nyanya inauzwa bila ruhusa.

Kijana_Kampemba:
Tata, nchi! Na huko kesi zilijaa mahakamani.

Wa_Kasumbalesa:
Zambia walikataa mahindi ya msaada ya GMO 2002, njaa ikiwa mlangoni. Na sisi unga tunaungojea kwao, sijui tunamtisha nani.

MamaMahindi_Lshi:
Hakuna anayenijibu habari ya maikrofoni?

Kaka_Katuba:
Transporti walitoa?

MamaMahindi_Lshi:
Nusu. Nusu nyingine "itakuja".

TataRuashi:
Hapo sasa ndiyo hatari ya kutathmini. Mimi semina ya maji nilipewa soda ya moto, na bomba mpaka leo linakohoa tu.

DadaSombe:
Msiseme unga! Gunia nililonunua juzi lina mawe, nimevunja jino.

Wa_Kasumbalesa:
La wapi? Nami nina moja, limelowa njiani.

Kaka_Katuba:
Nani anauza makala ya kupikia, makaa, huku Katuba? Ya kwangu ni vumbi tupu.