Utoto Pemba wakati wa vita vya Hitler: njaa iliingia kwa njia gani?

Mjukuu, Wete
Assalaam aleikum. Bibi yangu, aliyekuwa mtoto wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, husimulia kwamba wali ulikuwa chakula cha sikukuu tu, na siku nyingine zote nyumba nzima ilikula bada, yaani ugali wa muhogo, kwa dagaa. Naomba kueleweshwa: bomu halikuanguka Pemba, na mikarafuu ilikuwa imejaa mashambani, sasa dhiki ile ilitoka wapi?

Mwalimu Mstaafu, Chake Chake
Wa aleikum salaam, mjukuu wangu. Ilitoka baharini. Karafuu haishibishi, na visiwa vyetu vilitegemea mno mchele wa kuletwa kwa meli, ambao sehemu kubwa ulitoka Burma. Wajapani walipoiteka nchi hiyo mwaka 1942, mchele ukakatika. Mwaka huohuo waliviteka visiwa vya Indonesia, ambavyo vilikuwa vikinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zao za kretek, zinazochanganywa na karafuu, kwa hiyo mkulima alikosa chakula na mnunuzi kwa wakati mmoja. Serikali ikagawa chakula kwa kipimo na kuwahimiza watu walime muhogo, mtama na mpunga. Kwa maoni yangu, watoto wa wachumaji karafuu wasiokuwa na shamba lao ndio walioumia zaidi, na hao hawatajwi sana.

Mama wa Ng'ambo, Unguja
Mwalimu, naomba niongeze habari ya nguo. Kanga nyingi zilichapishwa ng'ambo, zikiwamo za Uholanzi na Japani. Uholanzi ilitekwa na Wajerumani mwezi Mei 1940, na Japani ikaingia vitani dhidi ya Uingereza Desemba 1941, hivyo kanga zikaadimika. Marehemu mama alisema kwamba doti moja iligawanywa kwa ndugu wawili, na kila mmoja alifua kipande chake usiku na kukianika ndani ili akivae asubuhi kwendea chuo cha Kurani. Kiberiti nacho kiliadimika, na yeye ndiye aliyetumwa kwa jirani na kifuu kuomba kaa la moto, akilipuliza njia nzima lisizimike. Hofu nayo ilikuwapo, kwani wazee wa mjini walikuwa hawajaisahau manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa na Wajerumani bandarini petu tarehe 20 Septemba 1914.

Mwalimu Mstaafu, Chake Chake
Ahsante, mama. Mjukuu wangu, mrekodi bibi sauti yake wiki hii, na umuulize ni nani aliyepima mchele wa mgao mtaani kwao, na nani aliyekosa.