Kikapu bila saa: mechi iishie kwenye namba? Tupeane uzoefu

KochaNjiro
Wadau wa kikapu Arusha na Moshi, dakika mbili za mwisho zinatuchosha. Timu iko nyuma kwa pointi 6, basi inaanza kukamata mikono. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, saa inasimama kila filimbi inapolia, na katika dakika 2 za mwisho za kota ya nne inasimama hata kikapu kikiingia. Faulo ya tano ya timu ndani ya kota inampa mpinzani mitupo huru miwili. Kwa hiyo: faulo, mitupo, taimauti, faulo tena. Dakika mbili zinageuka robo saa, na aliyeongoza mechi nzima anamaliza akiwa amesimama mstarini.

Kuna njia ya Nick Elam, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Ball State kule Indiana. Kota ya nne ikishuka chini ya dakika 4, filimbi ya kwanza ikilia saa inazimwa. Unachukua pointi za anayeongoza, unaongeza 8, hiyo ndiyo namba. Atakayeifikia kwanza ameshinda. Mashindano ya TBT (The Basketball Tournament) Marekani yanaitumia. Mnaojua kuchezesha na kukaa mezani, leteni uzoefu: itatufaa kwenye bonanza zetu?

BintiRau
Umenikumbusha mtaani. Huku "mpaka 11, anayeshinda anabaki" hakuna aliyewahi kudai saa. Naunga mkono.

KaraniMezani
Naunga mkono ila 8 msiinakili tu. Ile 8 ni ya watu wanaofunga sana. Mechi ya wasichana wa sekondari ikiwa 22 kwa 19 baada ya kota tatu, ukiongeza 8 mtakaa hapo mpaka giza. Hesabu ni hii: chukua pointi za anayeongoza mwisho wa kota ya tatu, gawanya kwa 30 (kota tatu za dakika 10), zidisha kwa dakika unazotaka zibaki. Anayeongoza ana 45: 45 kwa 30 ni 1.5, mara 4 ni 6. Ongeza 6. Ana 22: inakuja karibu 3, weka 4. Hata wenzetu hawakubaliani: ligi ya Kanada, CEBL, inaongeza 9, Unrivaled ya wanawake Marekani inacheza kota ya nne yote bila saa, inaongeza 11.

Sasa mezani, maana ndiko mambo yanakoharibika. Saa ikisoma chini ya 4:00, usizime palepale, subiri mpira ufe. Kikapu kikiingia na mchezo ukaendelea, bado hujazima. Filimbi ikilia, karani na mwamuzi wanalinganisha karatasi ya mechi na ubao. Vikitofautiana, karatasi ndiyo inayotawala, na mzozo umalizwe kabla namba haijatangazwa, kwa sababu pointi 2 zilizosahaulika zikigunduliwa baadaye namba yenyewe inakuwa batili. Kisha iandikwe kwa maka pen nene kwenye kadibodi, isimamishwe mezani ikitazama uwanja. Makosa mawili ninayoyajua: kuongeza kwenye pointi za timu iliyo nyuma, na kuipa kila timu namba yake. Namba ni moja kwa wote. Faulo za timu zinaendelea kuhesabiwa zilipofikia, hazianzi upya.

Filimbi_Sakina
Karani kasema vyema, ila hakuna aliyetaja saa ya sekunde 24, ile ya kutupa kila timu inapopata mpira. Bila hiyo msithubutu. Saa ya mchezo ikizimwa na ya 24 haipo, timu iliyochoka inakaa na mpira inapumzika.

Pasua_Boy
Viwanja vingi hapa Moshi hata saa ya mchezo ni simu ya mtu. Hiyo ya 24 tuitoe wapi?

Filimbi_Sakina
Pasua_Boy, simu ya pili ikae mezani na mtu wake. Ikibaki sekunde 10 anapaza sauti "kumi!", tano za mwisho anahesabu moja moja. Mpira ukigusa ringi na mshambuliaji akaupata tena, anaanzia 14, si 24. Huyo mtu asiwe mchezaji wa akiba wa timu yoyote.

Pasua_Boy
Sawa mkuu. Lakini kupumzika na mpira kunamsaidia nani kama saa haipo? Anayeongoza hawezi kuua muda. Lazima afunge.

Filimbi_Sakina
Kunamsaidia mwenye mapafu mafupi. Ya 24 ibaki.

Mnara_Kaloleni
Mkisema namba mimi nawaza Chicago, 16 Februari 2020, mechi ya nyota wa NBA. Kobe Bryant alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, wakaamua kota ya nne iende bila saa: pointi za anayeongoza jumlisha 24, namba ya jezi yake. Kota tatu zikaisha timu ya Giannis ina 133, ya LeBron 124. Namba ikawa 157. Mechi ambayo miaka yote hakuna anayekaba, ghafla watu wanakabana kama fainali. Kyle Lowry anasimama njiani agongwe kifua ili apate faulo ya mshambuliaji. Timu ya LeBron inatoka nyuma kwa 9, inapata 33 katika kota hiyo, wenzao 22. Imefika 156 kwa 155. Anthony Davis, mtoto wa Chicago, anafauliwa. Mtupo wa kwanza anakosa. Ukumbi mzima umesimama. Wa pili unaingia, 157 kwa 155. Hakuna aliyetazama saa, kila mtu alikuwa anatazama mpira.

BintiRau
Mwili umesisimka upya!

MzeeWaUbao
Mnara, umesimulia vizuri, lakini hapo ndipo ninapokataa. Mechi nzuri vile iliishia kwenye mtupo huru! Raha ya namba ni kikapu cha mwisho, si mtu kusimama mstarini peke yake. Na NBA wenyewe walirudisha saa 2024, mechi ikaisha 211 kwa 186.

Mnara_Kaloleni
Mzee, hiyo 211 ndiyo ushahidi wangu. Saa iliporudi ukabaji ukaondoka.

KochaNjiro
Mzee ana hoja kwenye mitupo, tusiipite. Namba ni 70, sisi tuna 69, wao 67. Wanahitaji 3, yaani kikapu kimoja cha mbali kinatumaliza. Tukiwafauli kabla hawajatupa, na faulo za timu zimeshajaa, wanapata mitupo miwili: 69 kwa 69, mpira wetu, tunahitaji pointi 1 tu. Hapo faulo imetulipa! Kwa hiyo namba haiui faulo za makusudi zote. Dawa ni kubadili adhabu baada ya saa kuzimwa: faulo ya kawaida kwa asiyekuwa anatupa iwe mtupo mmoja na mpira unabaki kwao. Sasa 68, mpira bado wao. Hakuna kocha atakayeagiza faulo hiyo.

MzeeWaUbao
Hiyo naikubali. Bila hiyo, hapana.

Pasua_Boy
Na giza je? Bonanza la mechi nane uwanja mmoja, taa hakuna, saa 12 na nusu jua linazama. Mechi mbili zikivuta dakika kumi kumi, ya mwisho haichezwi.

Dada_Majengo
Pasua_Boy, angalia 3x3, kikapu cha watatu kwa watatu. Saa na namba vinakaa pamoja: dakika 10 au pointi 21, kinachotangulia. Saa ya kutupa sekunde 12. Dakika zikiisha wakiwa sare, muda wa nyongeza hauna saa, anayepata pointi 2 kwanza ameshinda. Fainali ya Olimpiki ya Tokyo Latvia walimaliza kwa namba, 21 kwa 18, Kārlis Lasmanis akitupa kutoka mbali. Paris 2024 Uholanzi na Ufaransa wakaenda nyongeza, Worthy de Jong akatupa wa mbali, 18 kwa 17. Kwa bonanza lenye giza mimi ningeacha kota nne kama zilivyo, nikaweka namba kwenye nyongeza tu. Ligi ya G, ligi ya NBA ya kukuza wachezaji, inafanya hivyo tangu msimu wa 2022–23, anayefikisha pointi 7 anashinda.

Filimbi_Sakina
Dada hapo umetoa faulo za mwisho wa kota ya nne kwenye hesabu. Ndizo tulizokuja kuzitibu.

Dada_Majengo
Nimetibu giza. Faulo ya makusudi ipigiwe filimbi kama isiyo ya kiuanamichezo: mitupo miwili na mpira. Waamuzi wanaiogopa tu.

KaraniMezani
Kabla hamjagombana zaidi: kama kuna makundi, andikeni mapema mtakavyotenganisha timu zilizolingana kwenye kundi. Mkicheza kwa namba, tofauti za pointi zinasinyaa, kwani aliye nyuma anapewa nafasi ya kufunga mpaka mwisho.

KochaNjiro
Nimeandika. Vijana chini ya miaka 16 tujaribu kuongeza 5, mtupo mmoja na mpira, simu mbili mezani. Mwenye kadibodi kubwa aje nayo.